Mbele ya kulipa "patron", nyuma ya kulipa "leki"

Ndugu zangu wa licence, wengi wenu munatafuta kununua motoka ya kwanza, peke yenu ao na kikundi. Niwaelezee ile ilinipata hapa Lubumbashi, juu tuelewane garanti inafunika nini.

Mwaka jana tulikuwa watu sita wenye kulima mboga njia ya Likasi. Tulichanga, tukakopa, tukafikisha dola 9.500 za pikapu moja ya dizeli, okazio ya Japani. Kwa muuzaji nilipokelewa kama waziri: kiti, maji baridi, "patron, ikala hapa". Tablo ilionyesha kilometa 87.000. Fakture ilisema garanti ya miezi 3, injini na bwati. Chini, kwa herufi ndogo: motoka inauzwa namna iko, piesi za kuchakaa haziko ndani. Nikasaini bila kuuliza ni piesi gani.

Ni kama plaketi za freni, filtre, na mikanda. Mikanda njo ilituua. Injini nyingi za dizeli za zamani zina mkanda wa mpira, kuruwa ya distribisio, unaopatanisha mwendo wa pistoni na wa vali. Kwa nyingi unabadilishwa kila kilometa 100.000. Ukikatika njiani, pistoni inapanda na kugonga vali zilizobaki wazi. Ni kusema piesi isiyo ndani ya garanti inavunja injini iliyo ndani ya garanti.

Wetu ulikatika wiki ya tatu, nyanya zikiwa nyuma. (Nyanya hazingojei fundi, wenzangu wa agronomie munajua.) Ku garage ya nyumba ileile nikakuta mtu mwingine na kese ingine: "Leki, mukanda haiko mu garanti." Ule aliniuzia alipita na mteja mupya, akanisalimia kwa kichwa tu. Yeye anakula kwa motoka anayouza, garage inakula kwa piesi. Mutu wa kukusikiliza hana kese.

Wakati fundi alifungua, akanionyesha etiketi ndogo karibu na mkanda. Mafundi wa Japani wana desturi ya kuandika pale tarehe na kilometa za siku walibadilisha. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu: 103.000. Na tablo yetu ilikuwa haijafika hata 90.000!

Nikaenda kwa rafiki wa droit. Akaniambia dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba inamfanya muuzaji ajibu kwa kasoro iliyofichika, na kama aliijua, ile "namna iko" haimkingi. Lakini kasoro yenye kuonekana wazi haimuhusu, tena mununuzi anapaswa kudai upesi.

Muuzaji akajibu palepale: etiketi ilionekana, mulifungua kapo wenyewe. Na kweli tulifungua. Mimi ambaye sinunui mfuko wa mbegu bila kusoma tarehe na asilimia ya kuota, niliona injini inang'aa, nikafunga.

Tulibishana siku 9. Kilichotusaidia ni picha ya etiketi, picha ya tablo, na fakture yenye namba ya shasi. Bila ile namba wangesema si motoka yao. Kwa hiyo mbele ya kutoa franga, dai namba ya shasi na kilometa ziandikwe juu ya fakture. Kisha acha muuzaji na kiti chake, nenda uulize mkubwa wa garage, yeye mwenyewe, ni piesi gani atakataa. Muuzaji hatakuambia.

Mwisho walikubali kazi ya mikono bure, sisi tulipe piesi: dola 840. Tungeweza kwenda tribinali, lakini deni halikungoja. Wawili wa kikundi hawajanisamehe mpaka leo.

Wakati wa kufunga, fundi akauliza aandike kilometa ngapi juu ya etiketi mupya. Tukaangaliana. Nikamwambia aandike tarehe tu.