Kutoka "Maneno ya Nyumba" hadi Fishi: Kauli za Kitenzi na Ukatili wa Nyumbani Kilembwe

Utangulizi

Huko Kilembwe, katika sekta ya Lulenge ya teritwari ya Fizi, mwanamke aliyepigwa na mumewe mara chache husema kwamba amepigwa. Husema: "Niko na maneno ku nyumba." Jirani yake akiulizwa hujibu: "Walipigana na bwana yake." Muuguzi naye, anapoufungua mkono uliofungwa kitambaa, huambiwa: "Mkono ulivunjika." Hakuna uongo katika sentensi hizi tatu. Hata hivyo, hakuna hata moja inayosema nani alimtenda nani.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uteuzi wa kauli ya kitenzi unavyoathiri msaada ambao familia huupata, au huukosa, pale panapokuwa na ukatili ndani ya nyumba. Si suala la sarufi peke yake. Jambo likitoka nyumbani Kilembwe hupitia lugha tatu: husemwa kwanza kwa Kibembe mbele ya wazee, kisha kwa Kiswahili kwenye kituo cha afya au ofisi ya sekta, na mwishowe huandikwa kwa Kifaransa kwenye karatasi. Katika kila kivuko hicho kuna kitu kinachoweza kuzama.

Kutendana na kutendeka

Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kauli ya kutendeka haipokei mtenda. Twaweza kusema "mkono umevunjwa na Juma", lakini hatusemi "mkono umevunjika na Juma". Anayechagua kauli hiyo anajipatia sentensi kamili, yenye ukweli, isiyomshitaki mtu. Mwanamke ambaye mumewe amesimama mlangoni mwa chumba cha matibabu ana kila sababu ya kuichagua.

Kauli ya kutendana ina hila nyingine. Mofimu -an- katika "pigana" humweka aliyepiga na aliyepigwa katika mizani moja. Kila mmoja huwa mtenda na mtendwa. Tukiyachunguza maneno ya usuluhishi tutaona kwamba karibu yote yamejengwa kwa mofimu hiyo: kosana, gombana, elewana, sameheana, patana, rudiana. Si kwa bahati. Mzee anayeketi katika lubunga, yaani baraza la wazee wa Kibembe, huwaita wote wawili wanawe, na kazi yake ni kuwarudisha pamoja. Mwandishi wa makala haya amekulia katika lugha hiyo na hana nia ya kuidharau. Imesuluhisha mengi katika nchi ambamo hakimu yuko mbali na barabara, wakati wa mvua, ni tope tupu.

Lakini lugha ya kupatanisha si lugha ya kuponya wala ya kulinda. Nayo familia ina sababu zake za kuishikilia. Wakisema "walikosana", mume huleta mbuzi, maneno ya kutulizana husemwa, mke hurudi. Wakisema "alipigwa", swali la "na nani?" hufuata mara moja, na ndugu zake wa kiume hawawezi tena kukaa kimya. Baba aliyepokea mali (ndivyo mahari yanavyoitwa huku) huanza kuwaza namna ya kuirudisha, na huenda mali hiyo imekwisha kutumika kumwolea kaka. Pengine mifugo yenyewe imeporwa, kwa maana tangu vita vya 1996 na 1998 ziko familia za Fizi zilizokimbia makwao zaidi ya mara moja. Watoto nao, kwa desturi, hubaki upande wa baba. Mama anayatazama hayo yote kabla hajafungua kinywa, ndipo husema "maneno ya nyumba", usemi unaotaja mahali tu, ukaacha tendo na mtenda nje.

Fishi inauliza nini?

Mashirika mengi yanayosaidia wanawake hutumia mpangilio wa kumbukumbu ujulikanao kwa herufi GBVIMS, ulioanza mwaka 2006. Mpangilio huo una aina sita za matukio: ubakaji, shambulio la kingono, shambulio la mwili, ndoa ya kulazimishwa, kunyimwa mali au huduma, na mateso ya nafsi. Msomaji atambue kwamba ukatili wa nyumbani si mojawapo. Haukusahauliwa, hupatikana kwa kuunganisha majibu mawili: aina ya tendo, na uhusiano wa mtenda na mwathiriwa. Penye "shambulio la mwili" na "mume" kwa pamoja, ndipo tunapojua ni ukatili wa nyumbani. Sasa mama aliyesema "mkono ulivunjika" hana tendo wala mtenda wa kuandikwa. Na "maneno ya nyumba" hayana kisanduku chochote.

Mwaka mmoja mwandishi aliombwa kukalimani katika nyumba moja ya kuwasikilizia wanawake. Mama mmoja alisema: "Tulipigana na bwana." Nilitafsiri kwa Kifaransa, kutendana kwa kutendana, na tafsiri ilikuwa sahihi kabisa. Mwandikaji alifunga daftari, akamwambia kwa upole: "Mama, hayo ni ya wazee; murudi mupatane." Aliondoka na vidonge vya maumivu. Alikuwa amepungukiwa na meno mawili ya mbele, na hakuna kati yetu aliyemuuliza bwana alipungukiwa na nini. Tangu siku hiyo nimeitilia shaka tafsiri iliyo sahihi.

Jina lenye huduma na jina lisilo na huduma

Sharti tuseme pia kwamba huduma zenyewe zilijengwa kuzunguka neno moja, nalo ni ubakaji. Lilikuwa na haki ya kutangulia. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 (nambari 06/018 na 06/019) zilifafanua makosa ya kingono, zikaweka adhabu ya miaka 5 hadi 20 kwa ubakaji, zikaagiza daktari na mwanasaikolojia waitwe, na zikakataza malipo ya faini ya maafikiano yasizime kesi. Mwezi Februari 2011 mahakama ya kijeshi iliyosafiri hadi Baraka ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa yale wanajeshi waliyowatendea wanawake wa mji wa Fizi tarehe 1 Januari mwaka huo. Watu wa Fizi waliona kwa macho yao kwamba neno hilo, likisemwa, huweza kumwita hakimu kutoka mbali.

Aliyepigwa na mumewe hana sheria yake mahususi. Hurudi kwenye kanuni ya adhabu ya zamani, ambamo kipigo cha kawaida huadhibiwa kwa siku 8 hadi miezi 6, na kile kilicholeta ugonjwa au kushindwa kufanya kazi kwa miaka 2 hadi 5. Marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016 yaliondoa sharti la mke kupewa idhini na mumewe kwa matendo ya kisheria, lakini yalimwacha mume kuwa mkuu wa nyumba. Sheria ya Desemba 2022 iliyounda mfuko wa fidia, FONAREV, inahusu ukatili wa kingono uliofungamana na vita pamoja na uhalifu dhidi ya amani na usalama wa binadamu. Mlango wa jikoni haumo.

Ilhali takwimu zinaelekea upande huo huo wa jikoni. Amber Peterman, Tia Palermo na Caryn Bredenkamp, katika utafiti wao wa mwaka 2011 uliotumia takwimu za kitaifa za 2007, walikadiria kwamba wanawake wa Kongo wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kubakwa walikuwa baina ya milioni 1.69 na 1.80. Waliopata ukatili wa kingono kutoka kwa mume au mwenzi walikuwa baina ya milioni 3.07 na 3.37. Mwaka 2012 Nynke Douma na Dorothea Hilhorst walieleza jinsi misaada iliyoelekezwa kwenye ukatili wa kingono pekee inavyowavuta watu kulisimulia tatizo lao kwa jina lenye huduma. Si ajabu. Mgonjwa hujifunza upesi ni neno gani linalofungua dirisha la dawa. Linalohuzunisha zaidi ni lile kundi la pili, la wale wasiotaka kumwita baba wa watoto wao mbakaji, na ambao hawakuonyeshwa neno lingine.

La kufanya kwenye meza ya muuguzi

Haifai kuwaamuru akina mama waache kauli ya kutendana. Ndiyo inayowawezesha kurudi kulala mahali fulani usiku ule. Mzigo ni wa anayeuliza. "Nani alikuvunja mkono?" ni swali la polisi, na mbele ya mume litajibiwa kwa "nilianguka". Bora mama aonwe peke yake kwanza, kisha aulizwe kwa mfuatano: "Mulikuwa wapi? Nini kilitangulia? Wewe ulifanya nini, na yeye alifanya nini?" Viwakilishi "wewe" na "yeye" huivunja -an- taratibu bila kumshitaki mtu. Tena, maneno yake yaandikwe kwanza kwa Kiswahili chake, kama alivyoyasema, ndipo yatafsiriwe.

Nilimpelekea muuguzi mmoja pendekezo hili la mwisho. Alinionyesha fishi: haina nafasi ya maneno ya mama. Baadaye aliniambia kwamba sasa huyaandika nyuma ya karatasi, ijapokuwa nakala inayopelekwa Baraka ni ya upande wa mbele tu.