MASHINI ZIKIBADILIKA, MFANYAKAZI ATABAKI WAPI?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaosoma ukurasa huu jioni nyumbani,

Kila mara tunasema hapa juu ya vumbi, malaria, maji ya kunywa na kofia ngumu. Leo tutasema juu ya sendika, yaani chama cha wafanyakazi. Msishangae. Mkifika mwisho mtaona kwamba hata sendika ni jambo la afya.

Juzi mzee mmoja anayechunga jenereta alikuja dispensari. Alikuwa anakohoa tangu wiki tatu, macho mekundu. Kwanza nilimtuma kupima makohozi, kwa sababu kikohozi kinachopita wiki mbili lazima kitafutwe kama ni kifua kikuu. Kisha tukaongea juu ya moshi wa mazuti. Nikamwambia kwa furaha kwamba migodi mingi ya dunia imeanza kuacha mashini za mazuti na kutumia umeme wa jua na wa maji. Yeye hakufurahi. Alinitazama akasema: "Daktari, moshi huu ndio umesomesha watoto wangu sita. Ukiondoka, mimi nitakula jua?"

Mimi ni msaidizi wa daktari tu, lakini wote huniita Daktari, na daktari anatakiwa kuwa na jibu. Siku ile sikuwa nalo. Nimelitafuta, na ndilo ninalowaletea leo.

KWA NINI DUNIA INABADILISHA MASHINI

Moshi wa mazuti, wa petroli na wa makaa ya mawe unapanda hewani na kuongeza joto la dunia. Mwaka 2015 nchi za dunia zilikutana Paris, Ufaransa, zikapatana kuupunguza. Kazi na biashara zinazojaribu kuendelea bila moshi huo ndizo zinazoitwa uchumi wa kijani.

Msifikiri hayo ni mambo ya Wazungu peke yao. Kobalti ya Kolwezi inaingia katika betri za magari ya umeme, na zaidi ya sehemu 70 kwa 100 za kobalti ya dunia zinachimbwa hapa Kongo. Kasiterite ya Maniema inayeyushwa kuwa bati, na karibu nusu ya bati ya dunia inatengeneza lehemu, ile inayoshikanisha nyaya na vyuma vidogo ndani ya simu, redio na paneli za jua. Basi uchumi wa kijani unaanzia chini ya ardhi, mikononi mwa mchimbaji.

Kwa afya yetu mabadiliko haya yana faida kubwa. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliweka moshi wa mazuti katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa mwanadamu. Uchunguzi mmoja walioutegemea ulifuata wachimbaji zaidi ya 12,000 wa Marekani. Waliovuta moshi mwingi zaidi ndani ya mashimo ndio waliokufa zaidi kwa kansa ya mapafu. Kwa hiyo sitamwambia mzee wetu kwamba moshi ni rafiki yake.

KAZI YA KIJANI INA HATARI ZAKE

Lakini mashini mpya isituvue akili. Paneli ya jua inatoa umeme muda wote jua linapoiwaka, hata kama mmefunga swichi huku chini. Anayepanda juu ya nyumba kuiweka anaweza kupigwa na umeme au kuanguka. Betri za zamani zina asidi na risasi. Asidi inaunguza macho: ikiruka, osha jicho mara moja kwa maji safi mengi, dakika 20, ndipo uje dispensari. Vumbi la risasi linashika nguo, linafika nyumbani, linaharibu ubongo wa mtoto anayekumbatiwa na baba yake. Betri zikijazwa umeme katika chumba kisicho na hewa, zinatoa gesi inayoweza kulipuka. Na betri mpya za lithiamu zikiwaka, moshi wake ni sumu.

Tena, hata kama gari linalobeba mawe ni la umeme, mwamba bado ni mwamba. Ukitobolewa bila maji unatoa vumbi la silika, na ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo hauna dawa ya kuuponya.

Kuna na hatari isiyoonekana kwenye mashini yoyote. Mwaka 2021 shirika RAID na wanasheria wa CAJJ wa Kolwezi walichunguza migodi mitano mikubwa ya shaba na kobalti. Walikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi hawakuandikwa na mgodi wenyewe, bali na makampuni madogo ya katikati. Chuma kinaitwa cha kijani, lakini anayekichimba mara nyingi hana hakika ya mshahara wala ya matibabu yake.

SISI TUNAJUA MABADILIKO BILA MPANGO

Wazee wa Maniema hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1976 makampuni ya bati na dhahabu ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Migodi kama Kalima na Kampene iliishi kwa bati. Lakini huko ng'ambo mikebe ilianza kutengenezwa kwa alumini, vyombo vya plastiki vikaongezeka, na bati ya bei rahisi ikatoka nchi nyingine. Tarehe 24 Oktoba 1985 shirika la nchi zilizokuwa zinashikilia bei ya bati liliishiwa fedha. Soko la London likasimamisha biashara ya bati, na bei ikaanguka vibaya.

SOMINKI haikupona vizuri tena, na mwaka 1997 ikafika mwisho wake. Wengi walishika sululu wakachimba peke yao, bila kofia, bila dispensari, bila mtu wa kupima mapafu yao. Mchimbaji wa Kalima hakukosea kitu chochote. Dunia ilibadilisha mkebe, yeye akapoteza kazi, na hakukuwa na mpango wa kumpokea.

KWINGINE WALIFANYA NAMNA GANI

Ujerumani nao walikuwa na migodi ya makaa ya mawe yenye mamia ya maelfu ya watu. Mwaka 2007 serikali, kampuni na sendika ya wachimbaji walikaa meza moja, wakapatana kwamba migodi ifungwe polepole mpaka mwaka 2018. Wenye umri mkubwa walipewa pensheni mapema, vijana wakafundishwa kazi nyingine. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel katika mji wa Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018. Watu walilia siku hiyo, lakini walikuwa wamepewa miaka 11 ya kujitayarisha.

Afrika ya Kusini walizima kituo cha umeme wa makaa cha Komati mwezi Oktoba 2022. Wafanyakazi wa kudumu wa kampuni walitafutiwa nafasi. Lakini vibarua wa makampuni madogo na mama waliowauzia chakula waliachwa kwenye shida, na sendika zilipiga kelele kwamba kazi mpya hazikutayarishwa kabla ya zile za zamani kuondolewa. Funzo la Komati ni wazi: anayesahauliwa kwenye karatasi anasahauliwa na kwenye mkate.

Wazo la kuwalinda wafanyakazi wakati wa mabadiliko kama haya lilitoka katika sendika zenyewe. Marekani alikuwako Tony Mazzocchi, aliyefariki mwaka 2002, kiongozi wa sendika ya wafanyakazi wa petroli na kemikali. Aliona watu wake wanaugua kwa sumu za kazini, na aliona pia wanaogopa kusema ili kiwanda kisifungwe. Akauliza: kama baada ya vita serikali iliwalipia askari masomo, kwa nini mfanyakazi wa kazi yenye sumu asilipiwe masomo na mshahara kazi ile ikiondolewa? Neno hilo lilitembea kutoka sendika hata sendika, mpaka likaandikwa katika mapatano ya Paris ya 2015: mabadiliko yawe ya haki kwa wafanyakazi, na wapate kazi yenye heshima.

Mnaona sasa kwa nini nasema sendika ni jambo la afya. Mtu anayeogopa njaa ataficha kikohozi. Mtu anayejua kwamba kesho yake imepangwa atakuja kupimwa mapema.

MJUMBE WAKO NI NANI?

Wazee wanakumbuka UNTZA, sendika moja ya nchi nzima mpaka mwaka 1990. Siku hizi sendika ni nyingi, na mfanyakazi anachagua. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inawapa wafanyakazi haki ya kuchagua wajumbe wao, na inataka iwepo kamati ya usalama na usafi kazini. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka usalama na afya kazini kati ya haki za msingi za kila mfanyakazi. Kwa hiyo mjumbe hahitaji kufika mbele ya wakubwa kwa matusi wala kwa kuomba huruma. Afike na maswali yaliyoandikwa. Haya matano yanatosha kuanza:

1. Ni mashini gani zitaondolewa, na lini? Tuambiwe mapema, si wiki ya mwisho.

2. Nani atafundishwa kazi mpya? Fundi wa jenereta anajua umeme tayari: yeye aanze, kabla ya kuita mgeni.

3. Kazi mpya ina hatari gani, na vyombo vya kujilinda viko wapi? Vifike pamoja na mashini, si baada ya ajali.

4. Vibarua wa makampuni ya katikati wanahesabiwa? Mapafu yao ni mapafu.

5. Anayeacha kazi atapimwa tena lini, na wapi? Ugonjwa wa vumbi na kansa vinaweza kutokea baada ya miaka 10, 20 au zaidi, wakati mgodi umekwisha kufungwa na dispensari imeota majani.

NENO KWA JAMAA NYUMBANI

Mama, hapa kuna kazi yako. Weka katika sanduku mkataba wa baba, karatasi za mshahara, karatasi za CNSS na nakala ya kila kipimo cha kifua. Andika kwenye daftari mwaka alioanza kazi, na kazi aliyofanya: kutoboa mwamba, jenereta, betri. Siku moja karatasi hizo ndizo zitakazosema ugonjwa ulitoka wapi. Bila karatasi, haki inakuwa hadithi.

Mzee wetu alirudi wiki hii. Makohozi yake hayana kifua kikuu, namshukuru Mungu. Bado anachunga jenereta yake, lakini sasa anakaa upande upepo unakotoka, na bomba la moshi limerefushwa. Amekwenda pia kumwona mjumbe wake. Alitaka nimwandikie swali la pili kwa herufi kubwa, nami nikamwandikia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndugu, kabla mashini hazijabadilika, ulizeni pamoja.

Kinga ni bora kuliko tiba.