Hofu ya mpakani inavyogeuka presha na maumivu kwa wanawake

MWANAMKE anayevusha nyanya, dagaa au vitenge mpakani ana maradhi mengi anayoyaita kwa jina moja: uchovu. Kichwa kinamgonga, mgongo unauma, tumbo linawaka moto, hedhi imekuja mara mbili kwa mwezi au haikuja kabisa. Hununua vidonge vya maumivu, humeza viwili, kisha hurudi kwenye foleni.

Mara nyingi ni uchovu kweli. Anayebeba gunia kichwani tangu alfajiri hahitaji daktari amweleze kwa nini shingo inauma. Lakini yapo maumivu yasiyoondoka hata baada ya kupumzika, na vipimo vya malaria na taifodi havioni kitu. Hapo wengi huambiwa “hayo ni mawazo tu”, kana kwamba mawazo hayana makao mwilini.

Makao yanayo. Mtu anapoona hatari, ubongo hutuma amri kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hubana, sukari huongezeka kwenye damu ili misuli ipate nguvu, na usagaji wa chakula hupunguzwa. Maandalizi hayo ni mazuri kwa dakika chache za kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, mwili hutulia.

Tatizo la mpakani ni kwamba hatari haipiti. Leo mzigo umezuiwa, kesho sarafu imeshuka, keshokutwa mtu mwenye mamlaka anataka “kitu kidogo”, au anataka kitu kibaya zaidi ya fedha. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya Korona na mitaji ikaoza sokoni. Januari 2025 vita viliingia mjini Goma, na wanawake waliozoea kuvuka kwenda Gisenyi asubuhi na kurudi jioni wakajikuta kati ya risasi na watoto wenye njaa. Kwa aliyepitia hayo, ubongo huweza kubaki macho hata vita vikinyamaza: hulala kidogo, hushtuka mlango ukigongwa, misuli ya mabega na kiuno haiachii. Wataalamu huita hali hiyo kiwewe, na tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kuwa huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume.

Hedhi nayo huingia kwenye hesabu hii. Sehemu ya ubongo inayoendesha homoni za hatari ndiyo hiyo hiyo inayoongoza mzunguko wa mwezi. Hofu ikidumu, au chakula kikipungua, mzunguko huvurugika. Wengine hudhani wamerogwa, wengine hudhani ni mimba.

Moyo pia haubaki nyuma. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliandika kuhusu wagonjwa ambao moyo wao ulilegea ghafla baada ya mshtuko mkubwa, kama msiba, na kuchukua umbo la chungu cha kutegea pweza. Wakauita ugonjwa huo takotsubo, jina la chungu chenyewe. Wengi wanaoupata ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Usemi wa kwetu wa “kufa kwa uchungu” haukuwa mbali na kweli.

Kuhusu vidonda vya tumbo, wanaosema vinaletwa na mawazo wana haki nusu. Vingi husababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu. Mawazo huongeza makali. Kwa hiyo anayetibiwa “presha ya maisha” pekee, bila kupimwa bakteria huyo, ataendelea kuungua.

Na hizo dawa za maumivu ndizo zinazostahili kuogopwa zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku huchubua tumbo, hupandisha presha na huweza kuumiza figo. Mwanamke ambaye presha yake imeanza kupanda anaziongezea mwenyewe, kila asubuhi, kwa fedha yake. Mjamzito ndiye aliye hatarini zaidi: kichwa kikali, macho kuona ukungu na uso kuvimba ni dalili za hatari zinazotaka hospitali siku hiyo hiyo, si duka la dawa.

Mjini Bukavu, ng’ambo ya Rusizi, Hospitali ya Panzi aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999 ilijifunza mapema kuwa kushona majeraha hakutoshi. Waliobakwa vitani walipona vidonda lakini waliendelea kuumwa. Ndipo matibabu ya mwili yakaunganishwa na ushauri wa nafsi, msaada wa kisheria na njia ya kujipatia kipato. Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018.

Si lazima kila mji uwe na Panzi. Huko Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alifundisha bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza wenye mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, wagonjwa waliobaki na dalili za mfadhaiko walikuwa takriban asilimia 14, wakati waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu nusu. Vikundi vya kuweka na kukopeshana vya akina mama wa mpakani tayari vina viti, siku ya kukutana na watu wazima wanaoaminiwa. Kinachokosekana ni mafunzo.

Karatasi nayo hupunguza hofu. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizo kwenye orodha, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zisizozidi thamani ya dola 2,000, hazilipi ushuru wa forodha zikiwa na cheti rahisi cha asili. Asiyelijua hilo hupita njia za panya, na huko ndiko wengi huporwa na kushambuliwa. Aliyebakwa afike kituo cha afya ndani ya saa 72, upande wowote wa mpaka alipo, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi.

Kupima presha huchukua dakika chache. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, irudiwe siku nyingine. Namba hizo zinaweza kuandikwa kwenye daftari lile lile la mauzo, pamoja na tarehe za hedhi na dawa alizomeza mwenye daftari. Muuguzi wa upande wowote wa mpaka atazisoma bila mkalimani.