Siku moja kuzunguka vilima vya Mbarara: Ikulu isiyo na mfalme na ngoma zinazounganisha majirani

MBARARA, Uganda

KILA asubuhi teksi huondoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, zikiwa zimebeba wafanyabiashara, wagonjwa na wanafunzi wanaoelekea Mbarara. Wengi hukimbilia sokoni, hospitali au benki, kisha hugeuza kabla giza halijaingia. Vilima vinavyoizunguka Mbarara wanaviona dirishani tu.

Hata hivyo, mtu mwenye viatu imara, chupa ya maji na siku moja ya nafasi anaweza kuvizunguka vilima hivyo na kurudi alikoanzia, akiwa amepita mahali walipoishi, walipozikwa na walipopigana wafalme wa Nkore, ufalme ambao Waingereza waliuita Ankole.

Asitarajie ngome za mawe. Kwa desturi, mfalme, yaani Omugabe, alijenga makao yake kwa miti, matete na nyasi, na yalihamishwa mara kwa mara. Utajiri ulikuwa ng'ombe wenye pembe ndefu, na ng'ombe hufuata malisho. Jina lenyewe la Mbarara linatokana na emburara, aina ya nyasi.

Kamukuzi, ikulu iliyochakaa

Mzunguko unaanzia katikati ya jiji na kupanda kilima cha Kamukuzi, palipo ikulu ya Omugabe. Majengo yamechakaa, na mgeni aliyeona fahari ya Mengo, Kampala, atashangaa kwa nini.

Jibu ni la kisiasa. Mwaka 1967 serikali ya Milton Obote ilifuta falme zote za Uganda. Zilipoanza kurudishwa mwaka 1993, Buganda ilimtawaza Kabaka wake Julai. Novemba mwaka huo, John Patrick Barigye alitawazwa Omugabe, lakini serikali ikakataa kumtambua. Alifariki mwaka 2011 bila kukalia kiti hicho kihalali.

Suala hilo bado linawagawa Wanyankole wenyewe. Wapo wanaoona ufalme ni urithi walionyang'anywa. Wapo pia, hasa miongoni mwa wakulima Bairu, wanaohofia kwamba kuurudisha ni kurudisha enzi ambapo wafugaji Bahima walikuwa juu yao. Kwa hiyo ukimya wa Kamukuzi ni wa mjadala ambao haujaisha.

Nkokonjeru na Biharwe

Kutoka Kamukuzi, msafiri anashika njia ya Kakiika hadi Nkokonjeru. Hapo wamezikwa Omugabe Kahaya II, aliyetawala hadi 1944, na Gasyonga II, aliyekuwa mfalme wa mwisho hadi 1967. Hakuna paa kubwa la nyasi kama la makaburi ya Kasubi. Ni mahali pa kawaida, na mgeni huomba ruhusa kwanza kabla ya kuingia au kupiga picha.

Hapa mkazi wa Nakivale ana jambo la kumgusa. Mapokeo yanasema wafalme wa zamani hawakuzikwa Mbarara. Miili yao ilipelekwa msitu wa Ishanze, huko Isingiro, na ikaaminika kwamba roho ya mfalme hugeuka simba. Wilaya ambayo leo inawahifadhi wakimbizi ndiyo iliyokuwa kitovu cha ufalme.

Mwenye miguu mizito anaweza kupanda teksi ya barabara ya Masaka hadi Biharwe, kilomita 12 hivi kutoka mjini. Inasimuliwa kwamba Omukama Olimi wa Bunyoro aliishambulia Nkore, akateka ng'ombe na kuanza kuwaswaga kurudi kwao. Alipofika Biharwe jua likapatwa mchana, jeshi lake likatawanyika na kuacha ng'ombe. Tukio hilo huhusishwa na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, na mnara wa kumbukumbu umejengwa hapo. Karibu yake kuna kituo cha utamaduni cha Igongo chenye jumba la makumbusho la Eriijukiro, na eshabwe, mchuzi wa samli, kwa aliyeshikwa na njaa.

Ngoma tatu

Nguvu ya Omugabe haikuwa katika taji bali katika Bagyendanwa, ngoma ya kifalme. Mnyarwanda atakumbuka Kalinga, Mrundi atakumbuka Karyenda. Rwanda iliachana na ufalme mwaka 1961 na Burundi mwaka 1966, na pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole hazina ugeni kwa aliyewaona inyambo wa Rwanda.

Hiyo ndiyo thamani ya matembezi haya. Nakivale ilianza mwaka 1958 na baadaye ikapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959; leo kuna pia Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa uhuru wa kutembea nchini. Lakini kijana aliyezaliwa Nakivale anaweza kukua akijua mgawo wa chakula na mgogoro wa mashamba, asijue kwamba ardhi anayoilima ina historia inayofanana na ya babu zake. Anayejua hilo hajioni mgeni kabisa, na jirani yake Mnyankole naye hamwoni hivyo.

Lugha ya kusimulia hayo ipo. Kiswahili ndicho kinachosikika katika masoko ya Nakivale, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu anayetafuta pa kukitumia nje ya darasa hana haja ya kwenda mbali: awapeleke wanafunzi wa Nakivale na wa Mbarara Kamukuzi pamoja, wasimuliane.

Jioni mzunguko unafungwa Nyamitanga, kilima cha kanisa kuu la Katoliki, ng'ambo ya Mto Rwizi. Kutoka darajani maji yanaelekea mashariki, hadi maziwa ya Mburo na Nakivale. Teksi ya mwisho ya Isingiro nayo inaita abiria.