KUFUNGA LINKI ZA STABILAIZA KATIKA GARI LA CHAMA

Gari la chama ni mali ya wanachama wote. Hubeba pembejeo, magunia ya mazao na watumishi waendao sokoni, aghalabu katika njia mbovu. Kwa sababu hiyo vyama vingine huliinua gari kwa kulifunga springi ndefu zaidi, na baadaye gereji hushauri zinunuliwe linki za stabilaiza zinazorekebishika. Gharama hutoka katika fedha za wanachama, na kazi ikiharibika hatari huwafika wale waliomo garini. Hivyo yafaa kila katibu aelewe kifaa hiki ni nini, hufungwaje, na ni jambo gani kisiloweza kulitenda.

Kazi ya stabilaiza

Stabilaiza ni ufito wa chuma cha springi ambao miisho yake miwili imepindwa kama mikono. Sehemu ya kati hushikwa kwenye chesisi kwa bushi za mpira, na kila mkono huunganishwa na ekseli, au na mkono wa chini wa gurudumu, kwa kipande kifupi kiitwacho linki. Katika magari mengine mpangilio huo hugeuzwa, ufito ukawa kwenye ekseli na linki zikapanda hadi chesisi. Hataza ya kwanza ya kifaa cha namna hii alipewa Stephen Coleman wa Fredericton, Kanada, mwaka 1919.

Magurudumu mawili yapandapo pamoja, ufito huzunguka tu ndani ya bushi zake. Gari likatapo kona, upande wa nje hudidimia na wa ndani huinuka. Hapo ufito husokotwa, na kwa kuwa chuma hukataa kusokotwa, bodi huzuiwa isilale mno. Ugumu huo hutegemea sana unene: ufito wa milimita 22 huwa mgumu kuliko wa milimita 20, wa umbo na chuma kile kile, kwa takriban asilimia 46. Kwa hiyo anayedai kwamba kurefusha au kufupisha linki kunaufanya ufito uwe mgumu zaidi hasemi kweli. Linki hubadili mahali mikono inapokaa.

Sababu ya kutumia linki zinazorekebishika

Linki ya kiwandani ina urefu mmoja, uliopimwa kwa kimo cha gari lilivyoundwa. Gari lenye ekseli nzima likiinuliwa milimita 50, chesisi huiacha ekseli kwa kiasi hicho. Mikono ya stabilaiza huvutwa chini, linki hukaa upande, na maungio yake hufika mwisho wa mwendo wake na kulika upesi. Linki inayorekebishika huirudisha mikono kwenye pembe yake ya awali. Nyingi zina hesi ya kulia mwisho mmoja na hesi ya kushoto mwisho wa pili, hata kipande cha kati kikizungushwa, linki nzima hurefuka au kufupika. Nati za pembeni huufunga urefu uliochaguliwa.

Gari ambalo halikubadilishwa kimo halina haja ya linki hizi. Likiwa linagonga chini kwa mwendo mdogo kwenye njia ya mashimo, huenda linki au bushi zimechakaa, na vipuri vya kawaida vyatosha.

Kosa la kuepukwa

Liko kosa ambalo huonekana kama ufundi mzuri. Gari linaegemea upande mmoja, na fundi analinyoosha kwa kurefusha linki moja. Kwa macho gari limenyooka. Kwa kweli ufito umekwisha kusokotwa hata gari likiwa limesimama, na uzito juu ya magurudumu mawili ya ekseli ile haulingani tena. Gari hilo litakata kona ya kulia kwa tabia moja na ya kushoto kwa tabia nyingine, na likifungwa breki ghafla katika njia yenye utelezi laweza kuvuta upande. Tena springi iliyokatika au kuchoka, iliyokuwa chanzo cha kuegemea, imefichwa na wala haikutengenezwa. Stabilaiza haikuundwa kubeba mzigo. Gari linaloegemea litengenezwe springi kwanza.

Hatua za kufunga

1. Gari lisimamishwe mahali tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa, na magurudumu yazuiwe kwa vigingi. Linki ya zamani ipimwe kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya la pili.

2. Magurudumu mawili ya ekseli hiyo yainuliwe pamoja na kuwekwa juu ya stendi imara. Upande mmoja ukiinuliwa peke yake, ufito husokotwa na bolti yaweza kuchomoka kwa nguvu. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee.

3. Hesi zisafishwe kwa brashi ya waya na kutiwa mafuta. Nati inapofunguliwa, kiini cha maungio kishikwe kwa spana ya pili ili kisizunguke.

4. Linki mpya zirekebishwe ziwe na urefu sawa, zikiongezwa kwa kadiri ya gari lilivyoinuliwa. Hesi iingie kwa kiasi sawa kila mwisho, isipungue mara moja na nusu ya unene wake: ya milimita 12 iingie angalau milimita 18, isipokuwa mtengenezaji ameagiza zaidi.

5. Linki ya upande mmoja ifungwe. Kisha gari lishushwe likae kwa magurudumu yake juu ya shimo la gereji, likiwa na mzigo wake wa kawaida.

6. Linki ya pili irefushwe au ifupishwe kidogo kidogo mpaka bolti yake iingie kwa mkono bila kusukumwa. Hapo ufito haujasokotwa. Hatua hii ndiyo kiini cha kazi yote.

7. Maungio yawekwe katikati ya mwendo wake, nati za kufungia zikazwe, na bolti zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji.

8. Usukani uzungushwe mpaka mwisho pande zote mbili, na ihakikishwe kwamba linki haigusi tairi wala mpira wa breki. Gari lijaribiwe polepole, na nati zikaguliwe tena baada ya safari ya siku ya kwanza.

Wajibu wa katibu

Kabla ya kamati kuidhinisha malipo, katibu aulize maswali matatu. Je, gari limebadilishwa kimo? Je, springi, bushi na shokomzoba zimekaguliwa? Je, linki zitarekebishwa gari likiwa chini kwa magurudumu yake? Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, linki hizi zisinunuliwe. La pili likiwa hapana, ukaguzi utangulie. La tatu likiwa hapana, itafutwe gereji nyingine.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari la gari iandikwe tarehe, kilomita zilizosomwa, urefu wa kila linki na jina la fundi. Vipuri vya zamani virudishwe chamani pamoja na stakabadhi, ili kamati ivione. Urefu wa linki moja ukija kuonekana umepita wa mwenzake kwa kiasi kikubwa, katibu asiridhike na gari kunyooka, bali aagize springi zitazamwe kabla gari halijapakiwa tena.