Farasi hamezi ulimi

Swali ni lile lile: "Daktari, farasi wangu anakoroma mita 400 za mwisho, anameza ulimi. Nimfunge kwa kitambaa au kwa mpira?" Nimeulizwa hivi mazizini Ngong mara nyingi mno, na jibu langu ni hili: farasi hamezi ulimi. Hawezi. Mzizi wake umeshikwa na mfupa ulio kati ya taya zake, hauna pa kwenda.

Kinachochomoka ni kaakaa laini. Farasi hupumua kwa pua tu. Sisi tukiishiwa pumzi tunaachama, yeye hana njia hiyo. Kaakaa hukaa chini ya kidakatonge na kuuziba mdomo usipitishe hewa. Akipiga shoti huvuta pumzi moja kwa kila hatua, zaidi ya mara mbili kwa sekunde. Kaakaa likipanda juu ya kidakatonge, hupepea kila anapotoa pumzi. Huo ndio mkoromo, na mwendo hukatika papo hapo. Akimeza mate, linarudi mahali pake. Ndiyo maana ukimkagua baadaye unamkuta mzima, na lawama inabebeshwa ulimi.

Sasa tazama hiyo kamba ya kufungia ulimi. Saisi anauvuta ulimi nje, anauzungushia kitambaa pamoja na taya ya chini, anakaza. Nimeshika ndimi zilizovimba, zimegeuka bluu, zina michubuko pembeni. Kwa faida gani? Farasi wazima walipopimwa kwenye mashine ya kukimbilia, kufungwa ulimi hakukuwaongezea hewa. Katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Cornell, kaakaa lilianza kuchomoka pale misuli inayovuta zoloto mbele ilipokatwa. Tatizo liko huko nyuma kooni. Wapo farasi wachache wanaokimbia vizuri zaidi wakifungwa, sikatai, lakini huwezi kumjua wako ni yupi kwa kusikiliza sauti tu. Ujerumani ilipiga marufuku kamba hii mbioni mwaka 2018, na sioni sababu ya sisi kuikumbatia.

Mpitishe kwanza kamera puani, ikiwezekana ile anayovaa akikimbia, kwa sababu akisimama koo hudanganya. Wa miaka miwili au mitatu mwenye koo lililovimba, mpumzishe, lowesha nyasi kavu, tibu uvimbe, na uhesabu siku za dawa kuisha mwilini kabla ya mbio. Ambaye hajaiva kwa mazoezi, mwongezee mazoezi. Anayeachama akipigana na lijamu, badilisha lijamu au mfunge mkanda wa pua unaopishana. Ipo pia kola inayoshikilia zoloto juu na mbele; waulize wasimamizi kabla ya kuivalisha siku ya mashindano.

Sauti ikitoka anapovuta pumzi, hilo ni jambo jingine: mara nyingi ni upande wa kushoto wa zoloto uliopooza. Hapo hakuna kamba, kola wala sindano itakayoufungua. Ni upasuaji, au umtafutie kazi isiyo ya mbio.