Dhahabu kwa Pointi, Dawa kwa Makisio?

Siku moja kasimame pembeni ya mnunuzi wa dhahabu, iwe Kakola, Nyarugusu au Katoro. Mzani wake ni mdogo, na anaukinga na upepo usije ukacheza. Mchimbaji naye katoa macho: gramu ngapi, pointi ngapi? Pointi moja ikipotea, utasikia kelele.

Sasa mfuate huyo huyo, au mdogo wake wa kidato cha tatu, siku akipimwa na kukutwa na malaria. Anapewa dawa ya mseto (ALu), anaitia mfukoni, na kuanzia hapo hakuna anayepima kitu tena. Anameza akikumbuka. Siku ya pili homa imeshuka, anajisikia mzima, basi vidonge vilivyobaki anamtunzia dada yake. Si unamjua mtu wa namna hiyo? Pengine ni wewe.

Tuanze na hesabu yenyewe. Mwenye kilo 35 au zaidi, na wengi wenu mko hapo, dozi yake ni vidonge 24. Humezwa vinne vinne, mara 6, kwa siku 3. Mara ya kwanza ni papo hapo, ya pili ni baada ya masaa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mdogo wako mwenye kilo 20 humeza viwili viwili, kwa hiyo vyako si vyake.

Hapo kwenye masaa 8 ndipo watu wengi hupotea, na kosa ni la lugha yetu tamu. Tuseme umemeza vya kwanza saa 8 mchana. Kwenye bahasha wameandika kwa kifupi: "ya pili, saa 8". Wewe unasubiri saa nane ya usiku! Kumbe ulitakiwa kumeza saa 4 usiku. Umechelewa kwa masaa manne, kwa neno moja tu. Hata ile "4 x 2" huwachanganya watu: ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, siyo viwili mara nne. Usione haya kuuliza.

Kwa nini wakati ni muhimu hivyo? Ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili. Ya kwanza, atemeta, huua vimelea wengi haraka na ndiyo inayokushushia homa, lakini huisha mwilini baada ya masaa machache. Ya pili, lumefantrini, hukaa siku kadhaa ikimalizia waliojificha. Kwa hiyo siku ile unayojisikia mzima, kazi haijaisha. Tena hiyo lumefantrini haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Meza pamoja na chakula au maziwa. Michembe kwa karanga inafaa kabisa, na kwetu Usukumani hiyo si shida.

Dawa zinazotumiwa ovyo huzoeleka. Waulize wazazi kuhusu klorokwini na ule muwasho wake. Ilishindwa na vimelea, na mwaka 2001 Tanzania ikahamia SP. Nayo ikadhoofika, na mwaka 2006 ukachaguliwa mseto huu. Sasa watafiti wamekuta mkoani Kagera, jirani kabisa na Geita, vimelea ambao kundi la dawa la atemeta huchelewa kuwaua. Mseto bado unatibu, lakini nusu dozi huwaacha hai wale wagumu, na mbu huwabeba mpaka kwa jirani.

Kwa hiyo kabla hujaondoka dirishani, omba peni. Andika kwenye pakiti nyakati zote sita, na useme ni mchana au usiku. Kila ukimeza, kata moja. Ikikupita, meza mara unapokumbuka, usirundike mara mbili kwa pamoja. Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, rudi ukawaeleze, maana huenda ukahitaji kurudia. Na mgonjwa akipata degedege, akiweweseka au akitapika kila kitu, achana na hesabu za vidonge. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.